Kidole cha Bima

Wifi yangu alikuwa na kidole gumba kizuri. Sisemi hivyo kwa sababu aliolewa na kaka yangu. Sisi mawifi hatusifiani ovyo, na huyu nilimnanga tangu siku alipoletwa nyumbani, nikamwambia anatembea kama mtu aliyesahau kitu alikotoka. Nasema hivyo kwa sababu mashine ya serikali ilikipenda kidole kile, na kiwanda kizima tukaishi juu yake mpaka tulipokimaliza.

Kiwanda chetu ni cha chokaa. Mawe yanapanda kwenye mkanda, yanachomwa kwenye tanuri, yanasagwa kwenye kinu, na mwisho wanakuja kuyajaza mifukoni wanawake wa upande wangu. Chokaa inakula. Haikung'ati ukapiga kelele. Inakulamba kidogo kidogo, mpaka ngozi ya vidole inabaki nyororo na inang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Sarafu inakuponyoka. Uzi hauingii kwenye sindano kwa sababu huuhisi. Glavu zipo, tena mpya, zimekaa stoo chini ya kufuli pamoja na barakoa na kofia ngumu. Hutoka siku ya ukaguzi na kurudishwa jioni yake.

Kaka yangu alikuwa mchomaji kwenye tanuri. Vumbi lilimjaa kifuani akafa akiwa ameketi, maana kulala kulikuwa kumemshinda. Ofisi ya fidia ilituma mtu kuja kuuliza, na nyapara wetu akamweleza kwamba marehemu hakuvaa barakoa. Ilikuwa kweli. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa nyapara. Basi kosa likawa la marehemu, fidia ikaota mbawa, na kiwanda, kwa huruma yake, kikampa mjane kibanda cha chai pale pale ndani ya uzio.

"Shukuru," nyapara alimwambia. "Wengine hatuwapi hata pole."

Wifi akashukuru. Ndivyo alivyokuwa, na ndicho kilichokuwa kikinichoma roho. Ungemkanyaga mguu angekuomba radhi kwa kuuweka njiani. Nilimchukua tukakaa nyumba moja, mimi nikiwa na mdomo wa kutosha watu wawili, yeye akiwa na birika lake, na maisha yakaenda.

Serikali ilipotangaza bima ya afya kwa kila mfanyakazi, tulicheza. Sitii chumvi. Wanawake wa mifuko tuliacha kazi tukacheza humo humo vumbini, na nyapara hakutufokea, maana yeye mwenyewe alikuwa na mama mgonjwa. Karani wa bima akaja na mashine yake, kidubwana chenye kioo kidogo na taa. Unapigwa picha, unapewa namba, kisha unaweka kidole gumba kwenye kioo. Taa ikiwaka kijani, umeingia. Ikiwaka nyekundu, bado uko nje.

Wa kwanza alikuwa mchomaji tuliyemwita Kifua, kwa sababu alikohoa kuliko alivyoongea. Nyekundu. Akapangusa kidole kwenye suruali, nyekundu. Akakitemea mate, karani akamwomba kwa heshima asirudie. Akaja msagaji wa kinu, nyekundu. Nikafuata mimi, nyekundu. Karani akatugeuzageuza mikono, akatuinua vidole kwenye mwanga, akatutazama kwa mashaka.

"Alama zenu mmezipeleka wapi?" akauliza.

"Tumezijaza mifukoni," nikamjibu. "Nenda kwenye majumba mazuri mjini utazikuta ukutani."

Hakucheka. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka. Makao makuu yao yalitaka kiwanda kizima kiwe kimeandikwa kabla hajarudi. Namba yangu ilikuwa bado imekaa kwenye mashine ikisubiri kidole. Wifi akaingia na birika, akamimina, na kwa vile meza ilikuwa ya kuyumba, chai ikamwagikia kioo. Akaomba radhi, kama kawaida yake, akakipangusa haraka kwa kidole gumba.

Kijani.

Karani akaitazama taa. Nyapara akaitazama. Foleni nzima ikainyooshea shingo.

"Hiyo imeingia," nyapara akasema.

"Imeingia kwa namba ya huyu mama," karani akasema, akinionyesha mimi.

"Si ndicho unachotaka? Wewe unataka kidole, kidole hicho hapo."

Karani akafikiri, au alijitia kufikiri. Kisha akavuta kiti. "Mimi nimeagizwa nichukue kidole," akasema. "Sijaagizwa niulize kimeota kwa nani. Kaa hapa, mama."

Wifi akakaa. Kila aliyepigwa picha alipewa namba, na kila namba ikawekewa kidole cha wifi yangu: mchomaji, msagaji, mpakiaji, mlinzi, wanaume kwa wanawake. Chai ilipikwa na mwingine siku hiyo, ikawa mbaya, na hakuna aliyelalamika. Watu waliondoka na kadi zenye picha zao wenyewe, wanazipepea na meno yote nje. Karani alipoanza kufunga mashine, wifi akauliza kwa sauti yake ile ya kuomba radhi, "Na mimi?"

Nyapara hakuinua uso. "Wewe ni kibarua wa chai. Hii ni ya wafanyakazi."

"Lakini kidole ni changu, bosi."

"Kidole ni chako, nani amekataa?" nyapara akasema, na watu wakaangua kicheko. Wifi naye akacheka kidogo ili asiwaharibie, akakusanya vikombe.

Tangu hapo jina lake likafa, akawa Kidole. Zahanati iliyokuwa karibu na kiwanda ilitaka alama kila unapokwenda, basi kila mgonjwa alikwenda na Kidole. Anatangulia mgonjwa na kadi yake, wifi nyuma yake; namba inaingizwa, mgonjwa anajisogeza kushoto, na mkono wa wifi unapenya chini ya kwapa lake hadi kwenye kioo. Mhudumu wa dirishani alijua fika. Bima ilikuwa inailipa zahanati vizuri, kwa hiyo ilipofika wakati wa kidole alikuwa anaangalia dari.

Mtu angedhani watu waliotibiwa namna hiyo wangemweka wifi yangu juu ya kichwa. Walichokiweka juu ya kichwa ni kidole. Walimkataza kusugua masufuria, asije akakikwaruza. Walimkataza kumenya viazi. Walimkataza kupita upande wa mifuko, na mpakiaji mmoja alimfukuza huko kama anafukuza kuku, kisa tu alikuwa amekuja kuniletea chai. Asubuhi langoni watu walimshika mkono, nikadhani wanamsalimu, kumbe wanakipindua kidole kukikagua. Akiungua kidogo na mvuke wa birika, mkutano unaitishwa na anasemwa.

"Dada, uwe na akili," Kifua alimwambia mara moja mbele ya watu wote. "Hicho si chako peke yako."

"Nisamehe," wifi akasema.

"Nisamehe nini?" nikadakia. "Mwambie hicho kimeunganishwa na mtu!" Kifua akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa kirefu kiasi kwamba hasira ilinitoka kabla hakijaisha. Alikuwa anaugua ugonjwa ule ule uliomuua kaka yangu. Dawa alizopata kwa kidole cha mjane ndizo zilizokuwa zinamweka hai, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Msimu mmoja wa mvua wifi mwenyewe akapatwa na homa. Siku hiyo hiyo Kifua alizidiwa, wakaja kumchukua wifi kibandani akiwa anatetemeka, wakamwambia ajikaze. Nikaenda nao. Dirishani Kifua akajisogeza kushoto, mkono wa wifi ukapenya, taa ikawaka kijani, Kifua akapelekwa ndani kuwekewa hewa. Wifi akabaki ameshikilia ukingo wa dirisha.

"Na wewe unaumwa?" mhudumu akamuuliza.

"Kidogo."

"Kadi yako?"

Wifi akamtazama, kisha akakitazama kidole chake. Mhudumu akaona aibu, akarudi kwenye dari yake. Tukatoka nje, wifi akalala kwenye benchi la saruji, kichwa mapajani kwangu, akisubiri Kifua amalize ili wamhitaji tena wakati wa kuchukua dawa. Nilimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji, nikawatukana wote waliotuleta na ukoo wa karani. Homa ilipoa yenyewe. Lakini siku ile nililiona jambo lilivyo: bila kidole kile hakuna mtu kiwandani ambaye angetibiwa, na mwenye nacho ndiye peke yake ambaye hakuwa na mahali pa kutibiwa.

Sasa nifike kwenye ukaguzi.

Wakaguzi wa usalama kazini huwa wanatangaza siku ya kuja, na kiwanda huwa kinajua cha kufanya. Ufunguo unatoka mfukoni kwa nyapara, tunavishwa. Wenye vikohozi wanafungiwa stoo, mahali pale pale vilipotoka vifaa, ili mkaguzi asisikie kitu. Halafu kuna habari ya wavu. Mashine zetu zote zenye kuzunguka zinatakiwa kufunikwa kwa wavu wa chuma, na kiwanda kilikuwa na wavu mmoja. Mkaguzi anaanzia kwenye mkanda, anakuta wavu. Akipinda kona tu, mafundi wanaufungua, wanazunguka nao nyuma ya tanuri mbio, na akifika kwenye kinu anaukuta umekwisha fungwa unamsubiri. Mafundi wetu walikuwa wepesi kweli kweli. Kama mashindano ya mbio za wavu yangekuwepo duniani, tungekuwa na vikombe.

Mwaka huo wenye vikohozi walikuwa wengi, stoo ikajaa, na kwenye mkanda hakukuwa na watu wa kutosha kusimama. Nyapara akaanza kuokota wenye afya popote walipokuwa. Akamtoa mlinzi langoni. Akamtoa mfagiaji. Kisha akaja kibandani, akamvisha wifi ovaroli ya mwanamume na kofia ngumu.

Watu wakang'aka. Kwa mara ya kwanza niliona kiwanda kizima kikimpinga nyapara, na moyo wangu ukafurahi mpaka niliposikia wanachosema.

"Bosi, si huyo! Kidole chetu hicho!"

"Mkanda una mawe makali, bosi, kitachubuka!"

Nyapara akatafakari. Hata yeye alikuwa na mama mgonjwa kwenye kadi yake. "Basi mvisheni glavu," akasema.

Wakamvisha glavu. Wakachagua nene kuliko zote, ya mchomaji, yenye vidole vinavyopwaya, na Kifua akatoka stoo kwa kunyata kuja kuifunga mwenyewe kifundoni kwa waya, barabara, isije ikavuka. Walimfunga kwa uangalifu mkubwa. Sijapata kuona mtu akihangaikiwa namna ile pale kiwandani.

"Ujitie unachambua mawe mabovu," nyapara akamwagiza. "Na usiondoke hapo mpaka mkaguzi atoke langoni. Anaweza kugeuka nyuma."

Mkaguzi akaja, mtu mnene, mstaarabu, aliyevaa vifunika masikio tangu langoni ili atuonyeshe mfano. Akautikisa wavu wa mkanda, akaridhika, akampongeza wifi kwa glavu zake, akapinda kona. Mafundi wakaruka. Wavu ukaondoka mbio nyuma ya tanuri, na wifi yangu akabaki amesimama mbele ya mkanda ulio uchi, anachambua mawe, kwa sababu aliambiwa asiondoke.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda la mifuko, nikamwona. Rola inayouzungusha mkanda ilishika ncha ya glavu, ile sehemu iliyokuwa tupu mbele ya kidole, ikaivuta taratibu. Akajaribu kuvua. Waya ulikuwa umefungwa barabara. Alipiga ukelele ambao mimi niliusikia juu ya mashine zote, na mkaguzi, hatua chache upande wa pili wa ukuta, hakuusikia kwa sababu ya kuwa mfano mzuri.

Nilifika ninarukaruka juu ya mawe, nikauzima mkanda kwa kuipiga swichi kwa ngumi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa ndani ya glavu, na mkono wenyewe ulikuwa nje.

Nyapara akafika akihema. Alitazama mkono, akatazama kona alikopotelea mkaguzi, akashusha sauti. "Mpelekeni kibandani. Mtu asitoe sauti mpaka mgeni aondoke."

"Anavuja damu!" nikamwambia.

"Kiwanda kikifungwa leo, wote tutavuja," akanijibu, na wanaume wawili wakanishika mikono.

Kwa ajili ya soda za mkaguzi kulikuwa na ndoo ya barafu. Wakakitia kidole kwenye mfuko wa nailoni, wakakizika ndani ya barafu ile. Wifi akakaa sakafuni kibandani, mkono umefungwa kwa mataulo ya vikombe, uso umekuwa wa majivu, na mimi nimeuinua mkono wake juu kwa mikono yangu yote miwili. Kupitia ukutani tulisikia mkaguzi akiomba barafu zaidi.

"Imekwisha, mheshimiwa," nyapara akamjibu.

Akanywa soda ya moto, akasaini, akaacha cheti cha usalama, akaenda zake.

Ndipo pikapu ikatoka. Nilipanda nyuma na wifi, na nilipogeuka nikakuta watu wanapanda pia: Kifua, msagaji, wanawake wawili wa mifuko, mpakiaji, mtu juu ya mtu, ndoo imeshikwa katikati. Machozi yalinitoka. Nilidhani ni huruma.

Hospitali kubwa ya mjini ilitupokea mara moja. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache. Akafungua mfuko, akakitazama kidole, akaurudisha kwenye barafu.

"Kimekatika vizuri. Nani aliyekihifadhi? Kafanya la maana. Kinaweza kurudi, lakini iwe sasa hivi. Ana bima?"

"Anayo," nyapara akasema, na akanitazama mimi.

Nikatoa kadi yangu. Ilikuwa ya mwanamke, umri wetu hauachani sana, na kwenye picha zile kila mtu anafanana na kila mtu. Mapokezi namba ikaingizwa, na mhudumu akasema kama wanavyosema siku zote, "Kidole, tafadhali." Kisha Kifua akaingiza mkono kwenye ndoo, akakitoa, akakikausha kwa shati lake, akakiweka kwenye kioo.

Mhudumu alishika mdomo. Taa ikawaka kijani. Jina langu likatokea.

"Ndugu wa mgonjwa aje kusaini," daktari akaita. Nikaenda naye ndani. Nikasaini, nikamvua wifi viatu, nikamshika bega wakati wanamchoma sindano ya usingizi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Wifi," akaniuliza, "wataniunganisha?"

"Watakuunganisha. Tena nitaanza kukununia upya, maana umenisumbua."

Akatabasamu. Akalala. Daktari akanawa mikono, akavaa glavu, za saizi yake, akasema, "Kileteni."

Nikatoka kukileta. Nikakuta foleni.

Walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha la mapokezi, kila mmoja na kadi mkononi. Kifua ndiye aliyekuwa mbele, alikuwa amekwisha kubaliwa picha ya mapafu na sasa alikuwa anaulizia mashine ya hewa ya kwenda nayo nyumbani. Nyuma yake msagaji na ngiri yake. Mwanamke wa mifuko na mimba yake. Nyapara mwenyewe na kadi yake aliyomwandikisha mama yake. Kidole kilikuwa kinatoka mkono huu kwenda mkono ule. Kila mmoja alikipangusa kwenye nguo yake, akakibonyeza, akakirudia kilipogoma, akampa mwenzake. Ndoo ilikuwa chini, barafu imekuwa maji.

"Mnafanya nini?"

"Sekunde moja tu, dada," msagaji akasema, bila kugeuka. "Kikisharudi kule atakaa wodini nani anajua mpaka lini. Na kama hakitashika je? Sisi tutatibiwa na nini?"

Nilimpiga kofi msagaji. Nilimpiga kofi Kifua, mgonjwa yule, na sijuti mpaka leo. Katika kugombana kidole kikaanguka sakafuni, kikabingirika chini ya benchi, na watu wazima wakaingia kwa magoti kukitafuta. Nilipokifikisha kwa daktari kilikuwa cha moto na kimenyauka.

Alikigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu. "Kilipoingia mlangoni kilikuwa kizima," akasema. "Mmekifanya nini?" Akaushona mkono ukiwa bila kidole, akautengeneza vizuri, na kazi hiyo ikaandikwa kwa jina langu.

Wifi alipoamka hakulia. Alitazama bandeji, akanitazama, nikamwambia yote, maana mimi sijui kuficha. Alinisikiliza mpaka mwisho na hakusema nisamehe. Hilo lilinitisha kuliko kilio.

Alirudi kibandani mwezi uliofuata, akajifunza kumimina kwa mkono wa kushoto. Kiwandani mambo yalikuwa yamekaa vibaya. Kadi zilikuwepo, kidole hakikuwepo, na mhudumu wa zahanati alikuwa anawarudisha watu huku akiangalia dari. Nyumbani kwetu wageni wakaanza kumiminika na sukari na sabuni. Kifua alikuja akapumzika mara mbili kati ya mlango na kiti.

"Pole sana, dada," akasema. Akakohoa. Akapangusa mdomo. "Na huo wa kushoto mzima?"

Wifi akauweka mkono wa kushoto juu ya goti ili auone vizuri. Nilimtoa Kifua nje kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Nyapara hakuchelewa. Alipata ahadi ya karani kuja tena, kuandika watu upya kwa kidole cha pili. Akaja kibandani kumwambia wifi, na akaja na pakiti ya mafuta ya kupaka mikono.

"Safari hii na mimi mtaniandika?" wifi akamuuliza.

"Tutaona. Kwanza wenzako. Wewe si unajua, hii ni ya wafanyakazi."

"Najua," wifi akasema.

Wiki ile hakuniruhusu kumsaidia kitu. Alikula peke yake, amenipa mgongo. Alikuwa anachelewa kutoka kazini, akirudi mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, na nilipouliza alisema baridi. Nilisikia harufu ya chokaa mbichi kwake. Lakini mimi mwenyewe nanuka chokaa tangu usichana wangu, pua yangu haikushtuka.

Siku ya karani foleni ilianza mapema. Ilikuwa kimya, watu wamevaa safi. Kifua alikuwa wa kwanza, amekalia ndoo kwa sababu kusimama kulimshinda. Karani akaweka mashine mezani, akayaepuka macho ya kila mtu. Wifi akaingia na birika. Akawamiminia wote, karani, nyapara, Kifua, bila kumwaga hata tone. Kisha akavuta kiti kile kile cha siku ile, akaketi, akafungua kitambaa kwa meno.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwekundu mpaka kifundoni, umechubuka mahali, na ncha za vidole vyote zilikuwa nyororo, zinang'aa. Kwenye shimo la kuzimulia chokaa kwa maji, nyuma ya tanuri, ndiko alikokuwa anachelewa, akiuchovya mkono.

Karani aliogopa kuugusa. Wifi akauweka mwenyewe kidole kwenye kioo, akabonyeza. Nyekundu. Akakipangusa kwenye gauni, akabonyeza tena. Nyekundu. Akajaribu na vingine, kimoja kimoja, bila haraka, mbele ya macho yetu, na taa haikubadilika.

"Umetuua," Kifua akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanamkatisha pumzi.

Wifi alimsikia. Alimsogezea kikombe chake cha chai karibu, ili asihangaike kukifikia. Kisha akamgeukia nyapara, akamwonyesha kiganja.

"Angalia, bosi. Sasa vyangu ni kama vyao," akasema. "Niandike basi."